Professor Jay: Kutoka jukwaa la ‘Ndiyo Mzee’ hadi ubunge wa Mikumi

UKITAJA wasanii wachache walioutoa muziki wa kizazi kipya vichochoroni na kuufikisha sebuleni kwa wazee, huwezi kuliruka jina la Joseph Haule, anayefahamika kwa wengi kama Professor Jay. Ni mtunzi, mghani wa mashairi na kwa namna yake mwigizaji, kwa sababu katika nyimbo zake huvaa nafsi za watu mbalimbali na kuzipa kila moja sauti yake. Zaidi ya hayo, kwa miaka mitano, kuanzia 2015 hadi 2020, alikuwa Mbunge wa Jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro.

Kinachoifanya safari yake iwe ya pekee si kwamba msanii aliingia katika siasa, kwani wamekuwapo wengi waliofanya hivyo. Ni kwamba wimbo uliomjengea jina ulikuwa kejeli dhidi ya mwanasiasa anayemwaga ahadi, na miaka 14 baada ya wimbo huo yeye mwenyewe alisimama mbele ya wananchi akiomba kura.

Chimbuko lake

Haule alizaliwa Desemba 29, 1975 mjini Songea, mkoani Ruvuma. Ujana wake uliangukia wakati ambao Tanzania ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Mwaka 1992 nchi ilirejea katika mfumo wa vyama vingi, na muda mfupi baadaye milango ilifunguliwa kwa redio na televisheni za watu binafsi. Vijana wa Dar es Salaam, ambao hapo awali walitegemea kanda zilizoletwa na ndugu na jamaa kutoka nje, walianza kusikia muziki wa Marekani hewani kila siku.

Wa kwanza kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mtindo huo alikuwa Saleh Jaber, aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakafuata Kwanza Unit, kundi lililoundwa mwaka 1993, na Joseph Mbilinyi, aliyejulikana wakati huo kama II Proud na baadaye Mr II au Sugu. Hao ndio waliofyeka njia. Wazazi wengi waliutazama muziki huo kwa jicho la shaka, wakiuita wa kihuni na wa kuiga.

Katika mazingira hayo ndipo lilipochipuka kundi la Hard Blasters, ambamo Haule, wakati huo akijiita Nigga J, alikuwa pamoja na wenzake Fanani na Big Willy. Albamu yao, ‘Funga Kazi’, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na wimbo ‘Chemsha Bongo’, ambao hadi leo hutajwa miongoni mwa nguzo za muziki huo nchini. Wimbo huo uliwataka vijana kutumia akili kabla ya kufanya uamuzi, lakini haukuhubiri. Ulisimulia, na msikilizaji akaachiwa nafasi ya kupata funzo mwenyewe.

‘Ndiyo Mzee’ na sauti ya umma

Mwaka 2001 Haule, akiwa sasa amejivika jina la Professor Jay, alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, ‘Machozi, Jasho na Damu’. Mtayarishaji wake alikuwa P-Funk wa studio ya Bongo Records, ambaye mkono wake umo katika kazi nyingi zilizobaki kuwa kielelezo cha enzi hiyo.

Ndani ya albamu hiyo ulikuwamo ‘Ndiyo Mzee’. Katika wimbo huo msanii anaigiza mgombea aliye jukwaani, anayetoa ahadi moja baada ya nyingine, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa kutowezekana, na umati unamuitikia kwa kukubali kila neno. Hakuna mahali ambapo mtunzi anasimama kusema kwamba mgombea huyu ni mwongo. Ukubwa wa ahadi zenyewe na wepesi wa umati kuitikia ndivyo vinavyotoa hukumu. Hiyo ni tashtiti ya kiwango cha juu, na ndiyo sababu wanazuoni wa ndani na nje ya nchi wanaochunguza muziki wa Tanzania wamerejea mara nyingi katika wimbo huo.

Kejeli hiyo ilikuwa na ncha mbili. Ilimchoma mwanasiasa, lakini pia ilimchoma mpiga kura anayeitikia bila kuuliza fedha zitatoka wapi na kazi itafanyika lini. Msemo wa ‘ndiyo mzee’ ukaingia katika mazungumzo ya kila siku, ukitumika kumsuta yeyote anayekubali mambo kwa unyenyekevu uliopitiliza.

Ni wimbo huo, kwa kiasi kikubwa, uliowafanya watu wa makamo waanze kuusikiliza muziki wa vijana wao. Waliona kwamba nyuma ya midundo iliyowachosha masikio kulikuwa na fikra, na kwamba Kiswahili kilichotumika kilikuwa na vina na mpangilio usio mbali sana na ushairi walioufundishwa shuleni.

Mtunzi wa nafsi nyingi

Baada ya hapo kazi zilifuatana. ‘Mapinduzi Halisi’ ilitoka mwaka 2003, ‘J.O.S.E.P.H’ mwaka 2006 na ‘Aluta Continua’ mwaka 2007. Nyimbo kama ‘Zali la Mentali’ aliomshirikisha Juma Nature na ‘Nikusaidiaje’ aliomshirikisha Ferooz zilipigwa katika daladala, baa na kumbi za harusi kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza, na zikavuka mpaka kuingia Kenya na Uganda.

Anayezisikiliza kwa makini atagundua siri ya utunzi wake. Professor Jay hakujisifu tu kama walivyofanya wengi wa rika lake. Aliumba wahusika. Katika ‘Zali la Mentali’ yupo kijana fukara anayeangukiwa na bahati ya kupendwa na mwanamke tajiri, na kisa chote kinaendeshwa kama hadithi fupi yenye mwanzo, kilele na mwisho. Katika ‘Ndiyo Mzee’ yupo mgombea. Kwa maana hiyo, ingawa umaarufu wake hautokani na filamu, kazi yake ni ya uigizaji wa sauti kama ilivyo ya muziki, na ni ya uandishi kuliko vyote.

Jambo jingine lililomtofautisha ni uwezo wa kudumu. Wengi walioanza naye walitoweka pindi ladha ya soko ilipogeuka kutoka mashairi mazito na kuelekea nyimbo za mapenzi na za kuchezeka. Yeye aliendelea, akabadilisha midundo na kuwashirikisha vijana waliokuja baada yake. Mwaka 2014 alitoa ‘Kipi Sijasikia’ akiwa na Diamond Platnumz, nyota aliyekuwa mtoto wa shule wakati ‘Chemsha Bongo’ ikivuma.

Hata hivyo, jasho la wasanii wa kizazi chake halikulipwa ipasavyo. Enzi za kanda, msambazaji wa Kariakoo ndiye aliyeshika mizani, na msanii aliweza kuimbwa nchi nzima huku mfukoni akiwa na kidogo. Kilio hicho cha hakimiliki ndicho kilichowasukuma baadhi yao kuona kwamba kipaza sauti cha jukwaani pekee hakitoshi.

Wasanii waliomtangulia bungeni

Njia ya kutoka jukwaani hadi bungeni ilikuwa imekwisha kupitwa na wengine. Kapteni John Komba, kiongozi wa kundi la Tanzania One Theatre na sauti kuu ya nyimbo za CCM, aliwakilisha Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Vicky Kamata aliingia kupitia viti maalumu. Sugu naye alishinda Mbeya Mjini mwaka 2010 kwa tiketi ya Chadema, na ushindi wake uliwathibitishia vijana wengi kwamba msanii wa upinzani anaweza kumshinda mgombea wa chama tawala.

Nje ya nchi mifano haikosekani. Nchini Kenya, mwimbaji Jaguar alichaguliwa mbunge wa Starehe mwaka 2017. Nchini Uganda, Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, aliingia bungeni mwaka huo huo, na mwaka 2021 akagombea urais. Nchini Uingereza, Glenda Jackson, mwigizaji aliyewahi kutwaa tuzo ya Oscar mara mbili, aliacha uigizaji na kuwa mbunge kuanzia mwaka 1992 hadi 2015, kisha mwaka 2016 akarejea jukwaani jijini London kuigiza nafasi ya Mfalme Lear wa Shakespeare. Mama huyo aliyefariki mwaka 2023 aliacha funzo kwamba ubunge huwa na mwisho, lakini sanaa humsubiri mwenyewe.

Jimbo la Mikumi lilivyo

Ili kuelewa mzigo alioutwaa Professor Jay, ni vyema kulitazama jimbo lenyewe. Mikumi, mji uliopewa jina la miti ya jamii ya mitende iliyotapakaa katika bonde lake, uko takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Wasafiri wengi huujua kwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ambayo barabara hiyo huikata katikati. Wao huona tembo, twiga na nyati kupitia dirisha la basi, wanashuka kula, kisha wanaondoka.

Mkazi hakuondoka. Kwake tembo huyo huyo ni hasara anapoingia shambani. Katika kata za Kidodi na Ruaha, upande wa kusini, maisha ya maelfu ya watu hutegemea miwa inayouzwa kwa kiwanda cha sukari cha Kilombero, na bei pamoja na mizani ni mjadala usiokwisha. Juu milimani wapo Wavidunda, wenye mashamba yasiyofikika kwa urahisi wakati wa masika. Kuelekea kaskazini, kupitia Ulaya hadi Kilosa mjini, barabara ya vumbi ilikuwa kero ya miaka mingi, ilhali reli iliyojengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu katika miaka ya 1960 ilikwisha kupoteza uhai wake wa zamani.

Wilaya ya Kilosa kwa ujumla imebeba majeraha mazito. Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kufuatia mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Mto Mkondoa yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Mashamba makubwa ya mkonge, yaliyoipa Kilosa na Kimamba utajiri enzi za ukoloni, mengi yaligeuka mapori yanayogombewa.

Katika muziki, hata hivyo, mkoa wa Morogoro haujawahi kuwa maskini. Ndiko walikotoka Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Katika kizazi kipya, Selemani Msindi, au Afande Sele, ni wa huko huko. Naye aligombea ubunge wa Morogoro Mjini mwaka 2015 kupitia ACT-Wazalendo, lakini hakufanikiwa.

Ushindi wa 2015

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 25, 2015 ulikuwa na ushindani mkali kuliko chaguzi zote zilizoutangulia tangu kurejea kwa vyama vingi. Vyama vinne vya upinzani viliungana chini ya mwavuli wa Ukawa na kumsimamisha Edward Lowassa kuwania urais dhidi ya John Magufuli wa CCM. Katika wimbi hilo Professor Jay, akiwa mgombea wa Chadema, alimshinda mgombea wa CCM jimboni Mikumi kwa tofauti isiyo kubwa.

Swali lililokuwa midomoni mwa wengi lilikuwa la wazi. Je, aliyewafundisha wananchi kutoitikia ‘ndiyo mzee’ angeomba kura kwa lugha gani? Wapinzani wake walikuwa na silaha tayari, kwani kila ahadi aliyoitoa iliweza kuwekwa kando ya wimbo wake na kupimwa. Mashabiki wake nao walikuwa na jibu, kwamba mtu anayeijua hila ya ahadi hewa ndiye anayefaa kupewa dhamana.

Alipofika Dodoma alikuta Bunge lenye mazingira mapya. Januari 2016 Serikali ilitangaza kusitishwa kwa matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa, uamuzi uliozua vurugu ndani ya ukumbi. Baadaye mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa nayo ilizuiwa, ikabaki ya wabunge katika majimbo yao. Kwa mwanasiasa ambaye mtaji wake ulikuwa sauti, hayo hayakuwa mambo madogo.

Zaidi ya hayo, mbunge wa upinzani hana hazina. Barabara hujengwa kwa bajeti ya Serikali, maji huletwa na wizara, na migogoro ya ardhi huamuliwa na ngazi ambazo mbunge anaweza kuzisukuma tu. Mfuko wa jimbo hutosha kumalizia darasa au zahanati, si kuweka lami kutoka Kilosa hadi Mikumi. Mgombea wa ‘Ndiyo Mzee’ aliweza kuahidi chochote kwa sababu hakuwa na siku ya kutekeleza. Mbunge wa kweli alikuwa na miaka mitano na wapiga kura waliomfahamu nyumbani kwake.

Oktoba 28, 2020 safari hiyo ilifikia ukomo. Katika uchaguzi ambao upinzani uliulalamikia vikali na ambao Chadema ilitangazwa kushinda jimbo moja tu nchi nzima, kiti cha Mikumi kilikwenda kwa Denis Londo wa CCM. Sugu naye alipoteza Mbeya Mjini. Wakati huo huo, wasanii na wadau wa muziki waliosimama upande wa CCM walipita, akiwamo Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, aliyeshinda Muheza.

Mtihani wa maradhi

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mapema mwaka 2022 Professor Jay alilazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa katika hali mbaya. Picha za ukumbini zikakoma, na kwa miezi kadhaa nchi ilisubiri habari zake. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilibeba gharama za matibabu yake, huku wasanii, wanasiasa wa vyama vyote na wananchi wa kawaida wakichangia na kumuombea.

Alipopata nafuu alieleza mwenyewe hadharani kwamba figo zake zilikuwa zimeathirika, na kwamba siku 127 kati ya siku alizougua alizitumia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka 2023 alitoa wimbo alioupa jina ‘Siku 462’, idadi ya siku za mapambano yake na ugonjwa. Mwaka huo huo alizindua taasisi yenye jina lake, Professor Jay Foundation, kwa lengo la kuwasaidia wagonjwa wa figo.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara mbili hadi tatu kwa wiki, na gharama hizo huweza kuifilisi familia ya kipato cha kawaida. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika Muhimbili Novemba 2017 kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India, lakini huduma hiyo pia inahitaji fedha, mtoaji na ufuatiliaji wa maisha yote. Kwa mkulima wa miwa wa Kidodi au mama lishe wa stendi ya Mikumi, kuugua figo bila bima ni habari ya kutisha.

Maradhi yake yaliibua pia suala ambalo wasanii walikuwa wakilikwepa. Mtu aliyeburudisha taifa kwa zaidi ya miongo miwili alihitaji msaada wa Serikali na michango ili kutibiwa. Kama ilikuwa hivyo kwake, ambaye aliwahi pia kuwa mbunge, hali ya mpiga gitaa wa bendi au mghani asiye na jina si vigumu kuikisia.

Nafasi yake katika historia

Kumpima Professor Jay kwa miaka mitano ya ubunge peke yake kungekuwa kumpunja, na kumpima kwa nyimbo peke yake kungekuwa kuuacha nje uamuzi mgumu kuliko yote aliyoufanya. Katika muziki, mchango wake hauna ubishi. Aliwaonyesha waliomfuata kwamba mtu anaweza kuchekesha na kukosoa katika ubeti mmoja, na kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kusimama mbele ya wasomi bila kuona haya.

Katika siasa, wakazi wa Mikumi ndio wenye haki ya kutoa hukumu, na wameshaitoa mara mbili, kwa kumpa kura mwaka 2015 na kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020. Lililo wazi ni kwamba alikubali kukaa katika kiti alichokuwa amekifanyia mzaha, akijua kwamba kila msikilizaji wa redio ana kipimo cha kumpimia.

Wimbo wenyewe haujazeeka. Kila baada ya miaka mitano, magari ya matangazo yanapoanza kupita mitaani, ‘Ndiyo Mzee’ husikika tena, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2001 huucheka kama uliotungwa jana. Kwa mtunzi hiyo ni sifa kubwa. Kwa wapiga kura, na kwa wale wanaopanda majukwaani kuomba ridhaa yao, ni deni ambalo bado halijalipwa.